Jioni za Sikukuu Unguja

Mwezi wa Shawali ukishaandama, mji wa Unguja hupata siku nne ambazo mambo yake makubwa hufanyika baada ya sala ya alasiri. Asubuhi ni ya msikitini, ya kuamkia jamaa na ya kula. Mchana watu hujinyoosha, maana wanawake wamekesha jikoni na watoto wamekesha kwa hamu. Jua likishapunguza ukali, milango hufunguka Kikwajuni, Miembeni, Mlandege, Mwembetanga, Malindi na Shangani. Watu hutoka kwa miguu, wamevaa wakavalika, wananukia udi, kila mzazi na mtoto wake mkononi. Ukimuuliza mtu saa hiyo anakwenda wapi, atakwambia anakwenda kutembea sikukuu, na wala hutamuuliza zaidi.

Naandika juu ya jioni hizi kwa sababu ndizo kitu kikubwa kuliko vyote tulivyo navyo mjini ambacho hakina mlango. Harusi ina wenyewe, hitima ina jamaa zake, hoteli ina bei yake. Jioni ya sikukuu ni ya kila aliyeoga akavaa. Muziki wake unapigwa njiani, vyakula vyake vinauzwa kwa sarafu, na mtoto wa mchukuzi wa bandarini husimama bega kwa bega na mtoto wa mwenye duka wakasikiliza tarumbeta ile ile. Naamini wazee wetu waliijenga desturi hii kidogo kidogo, na vile vile kidogo kidogo inaweza kubomoka tusipoiangalia.

Utamu wa jioni hizi huandaliwa na mwezi mzima unaozitangulia. Mwisho wa Shaaban watu huvunja jungu: jamaa na marafiki hutoka kwenda mashamba au pwani, wakapika, wakala, wakacheza, wakaagana na mambo ya mchana. Ramadhani ikiingia, ngoma hunyamaza. Mikahawa hufungwa mchana kutwa, taarabu haipigwi, na wenye harusi husubiri. Muziki unaobaki mtaani ni wa kuamsha daku. Saa nane za usiku vijana hupita vichochoroni na ngoma, madebe na chochote kinacholia, wakiwaita watu waamke wale kabla ya alfajiri. Katika Mji Mkongwe, ambako nyumba zimekaribiana hata majirani wanaweza kupeana kikombe dirishani, mtoto aliye kitandani huisikia ngoma ile ikija kutoka mbali, ikikua, ikipita chini ya dirisha lake, kisha ikipotea kona ya pili. Hakuna aliyewaajiri vijana hao. Mwezi ukikaribia kwisha hupita majumbani kuchukua ahsante yao, na nadra kuikuta nyumba isiyowatolea kitu.

Basi ukifika usiku wa ishirini na tisa, mji mzima unatega sikio. Watu wamekaa barazani na redio, wengine juu ya mapaa wanaangalia magharibi. Ikitangazwa kuwa mwezi umeonekana, takbira hupanda kutoka msikiti mmoja hadi mwengine, na papo hapo Darajani hugeuka mchana. Mafundi cherehani hawalali. Mama anatafuta viatu vya mtoto wa mwisho ambaye miguu yake imekua tangu Shaaban, baba amesahau kofia, binti anataka hina iliyobaki. Soko la Darajani lina umri wa zaidi ya karne, lilijengwa 1904, na sidhani kama lina usiku mwengine unaolifaa kuliko huo.

Jikoni nako moto hauzimwi. Mchele uliorowekwa tangu mchana husagwa na tui zito la nazi, hutiwa sukari, hiliki na hamira, ukaachwa uumuke. Huo ni mkate wa kumimina, na kuupika kwake ni kazi ya macho: makaa chini ya sufuria, makaa juu ya kifuniko, na mpishi akae karibu auone unavyopanda na kutoboka matundu madogo madogo bila ya kuungua chini. Pembeni kuna vipopoo vinavyochemka kwenye tui, tambi za sukari zenye zabibu, kaimati, visheti, na mahamri ya kunywea chai. Wengine hupika bokoboko, ngano na nyama zilizopondwa hadi hazitambulikani tena, likamiminiwa samli juu. Vitu hivi vingi vinaweza kupikwa siku yoyote, lakini kwa desturi havipikwi vyote kwa pamoja ila siku hiyo, na sahani zake hazikai nyumba zilikopikwa. Sahani hutoka kwetu kwenda kwa jirani ikiwa na vipopoo, ikarudi na visheti, maana kumrejeshea mtu sahani tupu ni aibu.

Halua ndiyo ambayo watu wengi hawaipiki nyumbani, na ni haki yao. Inataka sufuria pana na nzito, moto wa kuni usiopungua, na mikono ya watu zaidi ya mmoja. Wanga huyeyushwa kwa maji na kumiminwa kwenye sukari inayochemka, kisha huja mwiko mrefu kama kasia. Tangu hapo hakuna kupumzika. Mmoja anakoroga mpaka jasho linamtiririka kwenye viwiko, akampokeza mwenzake bila ya mwiko kusimama, kwa sababu ukisimama tu halua hushika chini na kuungua. Samli huongezwa kidogo kidogo, halua ikainywa, ikaongezwa tena. Saa zinapita. Rangi inatoka weupe wa uji kwenda kwenye wekundu mzito, na mapovu yanaanza kupasuka kwa sauti ya chini. Ikishaacha kuishika sufuria, ikawa inateleza pamoja na mwiko na samli inajitokeza yenyewe ubavuni, hapo hutiwa hiliki, zafarani na lozi, ikaepuliwa. Hupikwa namna hiyo hiyo Muscat na Nizwa, na jamaa zetu wengi walioishia Oman baada ya Mapinduzi ya 1964 hawakuhitaji kujifunza upya kula halua na kahawa chungu. Wapo lakini wanaoagiza ya Unguja, na anayesafiri kwenda huko baada ya Ramadhani hupewa mizigo ya watu.

Asubuhi ya sikukuu mosi nitaipita haraka, maana inafanana na ya Waislamu wa kila mahali: sala, kupeana mikono, kuzuru makaburi, kusameheana. Kilicho chetu ni mambo ya watoto. Wakishavaa nguo mpya hutoka kwa makundi, nyumba hadi nyumba, na kila mlangoni ni neno lile lile: "Bibi, sikukuu yangu!" Bibi hukaa karibu na mlango akijua wanakuja. Hufungua fundo kwenye pindo la kanga na kutoa sarafu, shilingi 200 kwa huyu, 500 kwa yule aliye mjukuu wa ndugu yake, na kila anayepewa hubusu mkono. Mtoto asiyekuwa na jamaa wenye uwezo hupata kwa majirani, kwa sababu mtoto yeyote akisimama mlangoni siku hiyo ana haki yake. Hata mzee ambaye mwaka mzima anawafukuza watoto wasicheze mpira chini ya dirisha lake, siku hiyo amebadilisha noti kuwa sarafu tangu juzi.

Fedha hizo ndizo zinazoiendesha jioni. Mtoto hatakiwi kuziweka. Kufika magharibi zimeshakuwa mapulizo, filimbi, miwani ya plastiki, barafu ya ukwaju na safari mbili za pembea. Mama mjane wa Ng'ambo aliyekaanga kachori tangu adhuhuri amezipokea sarafu zilizotoka kwenye mapindo ya kanga za mtaa mzima, na kwa fedha hizo atalipa deni la unga na mafuta. Mwenye nacho ametoa asubuhi bila ya kujionesha, asiyekuwa nacho amechuma jioni bila ya kuomba, na aliyezibeba sarafu kati yao ni mtoto aliyekuwa akijifurahisha tu. Sijui utaratibu wa kusaidiana ulio mzuri kuliko huu, na umeendeshwa bila ya ofisi wala daftari.

Uwanja wa sikukuu wa kale ni Mnazi Mmoja, wa Unguja, si ule wa Dar es Salaam. Pale palikuwa maji. Mkono wa bahari uliingia nyuma ya Mji Mkongwe, ukautenga na Ng'ambo, na daraja lililoziunganisha pande mbili ndilo lililoipa Darajani jina. Maji yalifukiwa kidogo kidogo wakati wa ukoloni, bonde likawa uwanja. Upande mmoja walikaa wenye majumba ya mawe, upande wa pili wakakaa wavuvi, wachukuzi, mafundi na watu waliotoka utumwani. Uwanja ukakaa katikati, na siku za sikukuu pande zote mbili zikakutana hapo.

Nguo mpya nazo zina habari yake, na mtu asidhani ni anasa. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897. Kabla ya hapo mtumwa alijulikana kwa nguo: merikani isiyo rangi au kaniki, kichwa wazi, miguu mitupu. Waliopata uhuru walikimbilia kanga, kofia, kanzu, viatu na baadaye buibui, na pahala pa kuonekana navyo palikuwa kwenye mkusanyiko mkubwa kuliko yote, yaani sikukuu. Kwa hiyo mama anayejinyima miezi mitatu ili binti yake apate gauni la sikukuu anafanya jambo lenye mizizi mirefu. Anataka mwanawe apite Mnazi Mmoja na asiweze mtu kumtambua kwa umasikini wake. Wanaohubiri kila mwaka kuwa fedha hizo zinapotea bure wangefikiri kwanza habari hiyo.

Sasa muziki. Utaanza kuusikia kabla ya kuuona, ngoma kubwa ya beni ikigonga kama mapigo ya moyo wa mtu aliyepanda ngazi mbio. Beni inakuja njia nzima, kutoka ukuta hadi ukuta. Mbele watoto wanarudi kinyumenyume ili wasikose kuwaona wapigaji. Nyuma yao tarumbeta na tromboni, nyingine zimetiwa lehemu mara nyingi hata rangi yake ya asili haijulikani, nyingine zimefungwa kwa waya. Kisha ngoma ndogo, kisha ile kubwa iliyoning'inizwa kifuani, mpigaji akiwa ameegemea nyuma kwa uzito wake. Na nyuma kabisa, ndipo penye beni hasa, wanawake: wamefunga kanga viunoni, wanaitikia kibwagizo, wanakwenda kwa mwendo mmoja wa kuyumba, na kila kichochoro kinachopitwa kinawaongezea watu.

Beni ilizaliwa katika pwani hii miaka ya 1890, vijana wa Kiswahili walipozisikia bendi za kijeshi za Wazungu wakazichukua kwa namna yao. Ilianzia pwani ya Kenya, ikaja visiwani na Tanganyika, ikasambaa bara pamoja na askari wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kizima kilichochapishwa 1975, akaonesha jinsi vyama vya beni vilivyokuwa na vyeo, mashindano na kusaidiana kwa wanachama. Unguja ilikuwa na sababu yake ya ziada ya kulizoea tarumbeta, maana Masultani waliweka bendi ya kupiga mbele ya kasri. Lakini bendi ya kasri ilisimama pahala pamoja na kupiga kwa karatasi. Beni iliingia mitaani na kupiga kwa masikio, ikachukua nyimbo za taarabu zinazotamba wakati huo, na ikawaachia wanawake maneno. Hilo la mwisho ndilo lililoifanya iishi. Wageni wanaoiona ikiongoza maandamano ya tamasha la Sauti za Busara, lililoanza 2004, hufurahi, na mimi pia hufurahi, ila beni haikungoja tamasha. Kazi yake ni kumpeleka bwana harusi na kuwatoa watu majumbani siku ya sikukuu. Kwa kuwa harusi nyingi zilizosubiri Ramadhani ipite hufungwa Shawali, jioni hizi mara nyingi hukutanisha vyote viwili, na huwezi kujua umati ulioko mbele yako unamfuata bwana harusi au unajifuata wenyewe.

Pembeni zaidi, penye uwanja mdogo au ukumbi wa nyumba, utaikuta kidumbak. Hiyo haitembei. Inataka vigoma viwili vidogo, fidla, cherewa za vifuu vya nazi, vijiti vya mkwasa vinavyogongwa mbio mbio, na sanduku. Hilo sanduku linastahili kutazamwa kwa karibu. Ni kasha la mbao, kamba moja imetoka katikati yake na kufungwa kwenye fimbo iliyosimama. Mpigaji huivuta fimbo ikaze kamba au huilegeza, na kwa kuvuta na kulegeza tu anapata besi inayoingia mpaka tumboni. Kidumbak huchukua nyimbo za taarabu, ikaziunganisha moja baada ya nyingine bila kusimama, kila moja kasi kuliko iliyopita, na wachezaji huingia katikati kwa zamu.

Taarabu yenyewe ilianza kwa kukaa. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni, na muziki ukawa wa kasri. Mwaka 1905 vijana wakaanzisha Nadi Ikhwan Safaa, wakajifunza ala kwa ajili yao wenyewe. Aliyeipeleka mikononi mwa watu wa Ng'ambo ni Siti binti Saad, mwana wa Fumba aliyekuja mjini akiuza vyungu, akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akasafiri Bombay kutia sauti yake kwenye sahani za santuri. Tangu enzi hizo usiku wa sikukuu umekuwa wakati wa taarabu. Wanawake wanaokaa wametulia mwanzo wa wimbo, ukifika ubeti unaomgusa mmoja wao, huinuka, akatembea polepole kwa kunesa hadi kwa mwimbaji, noti imeshikwa juu kwa vidole viwili ili kila mtu aione, akaiacha, akarudi. Kutunza huko ni usemi kamili. Walioko ukumbini wanajua amemtunza mwimbaji kwa neno gani na neno hilo linamwendea nani.

Baada ya isha njaa ya pili huanza, na hapo ndipo meza za vyakula zinapong'ara kwa taa. Urojo kwanza. Muuzaji ana sufuria ya mchuzi wa manjano, mzito kidogo, wenye ukali wa ndimu na embe mbichi. Anakata mbatata ndani ya bakuli, anatia bajia, kachori, vipande vya yai na mishikaki miwili, anamimina mchuzi, anaongeza chatne ya nazi na pilipili kwa kukuangalia usoni akupime, na mwisho anamwagia juu muhogo uliokatwa nyuzi nyuzi ukakaangwa ukakauka. Unaula umesimama, haraka, kabla muhogo haujalainika. Jirani yake anakaanga muhogo wa vipande, wa tatu ana pweza, wa nne anakunja mantabali kwenye chuma cha moto, yai na nyama ndani, ambayo huko Forodhani inauzwa kwa wageni kwa jina la pizza. Miwa inasagwa pamoja na ndimu na tangawizi. Watoto wanapita na midomo myekundu kwa ubuyu.

Sikukuu inakwenda na mwezi, kwa hiyo kila mwaka inarudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja, na meza hubadilika nayo. Ikiangukia Desemba au Januari, maembe yanamenywa uwanjani na kutiwa chumvi na pilipili. Ile ya 2022 ilikuja Mei na ya 2023 ikaja Aprili, ndani ya masika, uwanja ukawa tope na vibanda vikafunikwa maturubali. Watu hawakukaa ndani. Walikunja suruali na kuinua mabuibui, watoto wakabebwa mabegani, na beni ikapiga chini ya paa la maduka mpaka mvua ikaanua.

Mwisho wa mzunguko ni kahawa. Wazee hawaji kwenye pembea. Wamekaa barazani, pale Jaws Corner na kwenye baraza nyingine za vichochoroni, dele liko juu ya makaa, kashata za njugu zimepangwa kwenye sinia. Muuzaji hugonganisha vikombe viwili vidogo vya kaure kwa mkono mmoja, tik-tik, tik-tik, na ukikaa ukasikiliza utagundua kuwa hagongi ovyo. Ana mapigo yake, na wateja humjua kwa mapigo hayo kabla hajatokea. Kwangu mimi huo pia ni muziki wa sikukuu, na ni wa zamani kuliko tarumbeta zote.

Wenzetu wa Mombasa hujaa Makadara siku hizi hizi, na Lamu hungoja Maulidi ya Riyadha kwa matwari na zefe zake. Idi ya Hijja ikifika, sisi huzirudia jioni nne upya. Pwani yote ina tabia hii ya kuitoa furaha nje, na haikufundishwa na mtu.

Nina hofu mbili, na nitazisema wazi. Ya kwanza ni spika. Kijana mmoja mwenye kompyuta na spika mbili kubwa anaweza kuizima beni nzima kwa kuongeza sauti tu. Simchukii, na muziki anaoupiga unapendwa. Lakini spika haitembei mtaani, haimwachii mwanamke kibwagizo, na haigawi ujira kwa watu kumi na zaidi. Kila mahali inapowekwa karibu na njia ya beni, beni hugeuka ikatafuta njia nyingine, na njia zinazidi kupungua. Vyombo vya shaba ni ghali, wanaojua kuvitengeneza ni wachache, na kijana hatashika tromboni asipoona kuwa kuna atakayemkodi.

Hofu ya pili ni geti. Siku hizi zipo sehemu za starehe zenye uzio na kiingilio, safi, zenye taa nzuri na pembea za umeme, na wazazi wenye uwezo huona ni salama zaidi kuwapeleka watoto huko. Nawaelewa kuhusu usalama. Lakini mtoto aliyepelekwa kwa gari, akalipiwa mlangoni kwa noti na kununuliwa vitu na baba yake, hakuitembea sikukuu. Hakuuliza bei, hakukosa chenji, hakukutana na mwenzake wa skuli anayeuza barafu za mama yake. Na sarafu za mtaa hazikufika kwenye meza ya kachori. Wakijitoa wenye nacho uwanjani, watakaobaki ni masikini peke yao, na desturi iliyotengenezwa ili watu wasitambulikane kwa hali zao itaanza kuwatambulisha.

Kwa hiyo nawaomba wahusika. Wanaosimamia viwanja vya sikukuu, itengeni njia ya beni na saa yake, spika zingoje ipite. Wenye harusi za Shawali, kodini beni kabla ya kukodi magari. Na wazazi, mpeni mtoto sarafu zake mkononi, mtembee naye kwa miguu hadi Mnazi Mmoja, kisha mwacheni achague mwenyewe ni meza gani atakayozimalizia.